Ampli Iliyopona Kimyakimya

Nilikuwa na siku tatu tu. Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Yakubu angekuja kwetu na ndugu zake kuniomba kwa ajili ya mwanawe Juma, na papa, baba yangu, ambaye hajui kumrudisha mtu wa heshima mlangoni, angewajibu ndiyo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Na mwanaume niliyemtaka mimi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka cherehani yangu, ameinama juu ya ampli ya papa, anapuliza moshi wa risasi ya kuchomelea, na kwa wiki tano nzima hakuwa amenitamkia neno lolote la maana.

Wiki tano! Mimi si mtu wa subira, nawaambia mapema.

Jina lake Nzanzu. Ni Munande kwa kabila, mtu wa Butembo, Mkatoliki, fundi wa redio hapa hapa mtaani kwetu, commune ya Tshopo, mwanaume mrefu asiye na haraka, mwenye vidole vya mtu anayeweza kushika kitu kidogo bila kukiumiza. Na ampli yenyewe ni ya zamani kuliko mimi. Ni redio na kikuza sauti ndani ya sanduku moja, ya Kijapani, uso wake chuma cheupe, vifungo vizito. Papa Rashidi aliinunua angali kijana, kwa kushona makanzu ya harusi za watu kabla hajaona harusi yake mwenyewe. Husema marehemu mama alikubali kuolewa nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya ampli. Siku ilipoungua, umeme ulikuwa umekatika siku mbili, ukarudi na nguvu za wazimu, moshi ukatoka mgongoni mwa ampli, na papa hakula chakula cha jioni.

Mtauliza kwa nini haikupelekwa kwa fundi. Zamani papa alimpelekea fundi mmoja redio yake nyingine. Ilirudi inaimba vizuri, mwezi mmoja, kisha ikanyamaza. Walipoifungua, vipuri vyote vya asili vilikuwa vimetolewa na kuwekwa vya kuokota. Papa akaapa kwamba chombo chake hakitavuka mlango tena. Fundi atakuja yeye, atafungua juu ya meza ya nyumbani, na kila anachokitoa kitabaki kwenye sahani, mbele ya macho ya watu. Mafundi watatu walikataa wakisema wao si wezi wa kulindwa. Nzanzu aliuliza tu, "Bon, papa, ile meza iko na mwanga?" Hapo ndipo nilipoinua macho kwenye cherehani na kumtazama, na ole wangu, sikuyashusha vizuri tena.

Shida ni kwamba chumba chenye mwanga ni kile ninachoshonea. Msichana na mwanaume asiye ndugu, chumba kimoja, mchana kutwa? Tantine Kadidja, dada ya papa, alilitatua kwa njia yake. Aliweka kinu chake cha kutwangia pondu, majani ya muhogo, barazani, karibu na dirisha, akatupa sheria.

"Miye sina haja ya kuwaangalia," alisema. "Niko na kazi yangu. Mais niwasikie munasema. Munasema, iko sawa. Mukinyamaza tu, naingia na huu muti wa kutwangia."

Basi kwa wiki tano tulisema. Ee, tulisema! Alinieleza kila waya. Nilimweleza kila pindo. Tulipoishiwa tulitaja bei za samaki. Lakini ni nani anaweza kusema neno la moyoni wakati shangazi yake anahesabu pumzi zake dirishani? Yalibaki macho. Nilijua ananitazama kwa sababu maelezo yake yalikuwa yanapotea njia. Anaanza na waya mwekundu, anamaliza na mvua ya Butembo.

Alhamisi hiyo simu yake ililia. Alikuwa mama yake, Mama Victoire, ambaye kila wiki humuuliza kama ameshaona msichana wa parokia. Nzanzu akatoka uani kujibu. Akiwa huko, umeme, uliokuwa umekatika muda mfupi kabla, ukarudi.

Lazima niwaeleze kwanza ampule, balbu ya taa iliyokuwa pale mezani. Fundi mwenye akili hachomeki moja kwa moja chombo kilichoungua. Anapitisha umeme kwanza ndani ya taa ya kawaida, halafu ndipo uingie kwenye chombo. Nzanzu alinifundisha wiki ya kwanza. "Hii ampule njo mulinzi," alisema. "Ikiwaka sana na kubaki vile, ndani kungali ugonjwa. Ikiwaka kidogo halafu inafifia, mugonjwa amepona." Ila siku za karibuni, kila akijaribu, alikuwa anaikinga ile taa kwa mgongo wake, kisha anatikisa kichwa na kusema bado, tungoje transista ambayo ndugu yake anaituma kutoka Kampala.

Sijui ni shetani gani alinisukuma. Nilinyoosha mkono nikabonyeza swichi ya ampli.

Ampule iliwaka. Ikafifia. Ikabaki nyekundu kidogo tu, kama kaa linalolala.

Kitu kikalia tak ndani ya sanduku, uso wa ampli ukajaa mwanga wa kijani, na gitaa la rumba ya zamani likatoka taratibu kwenye spika, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Nikaizima mbio kabla Tantine hajasikia. Nikarudi kwenye kiti changu, nikakanyaga pedali kama mtu anayeshona.

Sitawaficha, nilifurahi kwanza. Imepona, na bado anakuja! Anakuja kwa ajili yangu! Nikataka kucheka, nikataka kutoka uani nimwambie mbele ya simu ya mama yake kwamba nimemjua.

Kisha nikaona kiti cha papa.

Kila jioni papa anarudi msikitini na fimbo yake, magoti yanamuuma, anakaa kwenye kile kiti mbele ya ampli iliyofunuliwa tumbo. Anaweka kiganja juu ya chuma. Anauliza, "Fundi, mugonjwa wetu?" Nzanzu anajibu, "Bado, papa." Na papa anasema inshallah, anakaa kimya nusu saa, mzee anayesikiliza kitu kisicholia. Hapo furaha yangu yote iligeuka. Nilisikia hasira mpaka kwenye ncha za vidole.

Nzanzu akaingia, anafuta mikono kwenye suruali. "Mama anakusalimia. Enfin, anasalimia watu wote wa hapa."

"Asante. Na transista?"

"Iko njiani. Imefika Butembo."

"Toka wiki ile nyingine iko inafika Butembo. Inatembea kwa muguu?"

"Barabara mubaya, Karima. Mvua..."

"Nzanzu. Nimewasha."

Akasimama palepale. Hakuuliza nimewasha nini. Akatazama ampule, akanitazama mimi, na rangi ya uso wake ikabadilika. Nje, kinu kikanyamaza.

"Nyinyi mule ndani!" Tantine akaita. "Sauti iko wapi?"

"Kondasata!" Nzanzu akapaza sauti, bado ananitazama. "Hii inaitwa kondasata, tantine! Inatunza umeme!"

"Bon. Endelea." Kinu kikaanza tena.

"Toka lini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Wiki mbili na siku tatu."

"Umezihesabu?"

"Kila siku nazihesabu. Kila siku nasema leo njo nitafunga. Halafu nakuona pale umeshika pini kwa meno, nasema, kesho."

"Usinitilie sukari! Sababu gani?"

Akakaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. "Siku nitakaza vis ya mwisho ya kifuniko, kesho yake nitakuja hapa kufanya nini? Nitapiga hodi niseme nini? Miye Mukatoliki, Munande, mama yangu anataka binti wa parokia, papa yako anataka mutu wa musikiti. Mulango wangu katika nyumba hii ni hii ampli tu. Nikiifunga, nimejifungia nje."

"Si ungeniambia miye!"

"Nikuambie nini?"

"Hiyo unaniambia sasa!"

"Sijasema bado."

"Basi sema, mutu wa Mungu! Sema, tumalize!"

"Nakupenda, Karima." Alisema bila pambo, kama mtu anayetua mzigo. "Toka siku ya kwanza. Nakupenda mpaka nimekuwa mwizi wa siku za mzee."

Neno hilo nililingoja wiki tano. Nililiota. Na lilipokuja, lilinikuta nimekasirika kiasi kwamba sikuweza kulipokea. Machozi yakanijia, nikayakasirikia nayo pia.

"Umelichelewesha," nikamwambia, "na umelichafua. Unamuona papa kila jioni. Unamuona! Anakuombea dua wewe na yule ndugu yako wa Kampala, transista ifike salama. Anamuombea mutu ambaye hayuko!"

"Yuko, kwa kweli. Yuko Kampala." Akageuza bisibisi mkononi. "Mais hana transista."

Nikakaribia kucheka, na kwa sababu nilikaribia kucheka nikazidi kuwaka. "Sikiliza vizuri. Leo umemudanganya papa sababu ya mapenzi. Kesho utanidanganya miye sababu ya kitu kingine, na utakuwa na sababu nzuri vilevile. Papa anarudi sasa hivi. Utamuambia."

"Atanifukuza."

"Anaweza."

"Na Jumapili watu wa Juma wanakuja."

"Najua siku za wiki, Nzanzu."

"Alors nikisema, nakupoteza leo. Nikinyamaza, nakupoteza Jumapili."

"Basi bora unipoteze ukiwa mutu wa kweli." Nilisema hivyo kwa ujasiri mkubwa kuliko niliokuwa nao. "Usipomuambia wewe, nitamuambia miye, na hapo hata salamu yangu hutaipata tena."

Kinu kilikuwa kimenyamaza tena, lakini safari hii Tantine hakuita. Fimbo ya papa ilikuwa inagonga barazani.

Papa aliingia na kofia yake na uchovu wake, akatupa salamu, akakaa kwenye kiti. Kiganja juu ya chuma. "Fundi. Mugonjwa wetu?"

Nzanzu akainuka. Akachomoa ile ampule, akachomeka ampli moja kwa moja ukutani, akazungusha kifungo.

Mngemuona papa! Mwanga wa kijani ulimpiga usoni, gitaa likaanza, na mzee akafumba macho. Kidole chake kimoja kikaanza kupiga mdundo juu ya goti bovu. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho, na Tantine akaja kusimama mlangoni na mti wake wa kutwangia.

"Mungu abariki hii mikono," papa akasema. "Mwanangu, Mungu akupe kila unachotafuta."

Hapo Nzanzu angeweza kwenda zake. Angekaza vis, anywe chai, atoke na baraka za mzee, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Aliniangalia. Mimi nikainamisha kichwa kwenye cherehani, kwa sababu kama angekuja kusema, nilitaka aseme kwa miguu yake mwenyewe.

"Papa," akasema, "naomba uizime kidogo."

"Niizime? Wiki tano nimengoja!"

"Ulipashwa kungoja wiki mbili na nusu tu."

Papa akaizima. Nzanzu akapiga magoti kwenye sementi. Akaeleza yote. Lini ilipona. Jinsi alivyoikinga ampule. Transista ambayo haikuwepo. Hakujitetea, hakulaumu barabara wala mvua.

"Hii!" Tantine akashika mdomo. "Na miye nilikuwa nasikia kondasata, kondasata!"

"Kadidja, ngoja." Papa hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepiga kelele. "Nilikuombea dua."

"Ndiyo, papa."

"Na imamu nilimuomba asaidie."

"Ndiyo, papa."

"Nilikataza chombo changu kisitoke nyumbani, nisiibiwe. Kumbe mwizi nimemukaribisha mezani." Akapumua. "Sababu gani?"

"Karima," Nzanzu akasema. "Nataka kumuoa. Nilipashwa kukuambia siku ya kwanza, niliogopa."

Papa akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha akauliza kile nilichokuwa nikikiogopa tangu mwanzo. "Na dini?"

Mimi niliyedai ukweli, mimi niliyepiga domo lote lile muda mfupi tu kabla, nilikaa pale nikimwomba kimoyomoyo adanganye. Sema ndiyo, Nzanzu. Neno moja tu. Utasilimu Ijumaa, tutaoana, mengine tutayaona mbele. Sema!

"Papa, nikikujibu ndiyo leo, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili," akasema. "Sijui. Niko tayari kufundishwa. Niko tayari kukaa chini nisikilize. Mais kama moyo utaingia, sijui, na sitaki kuusema umeingia ili nipewe mutoto wako."

Mjinga! Nilitaka kumtupia mkasi. Na wakati uleule nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Karima." Papa alikuwa ananigeukia. "Na wewe? Ulijua hii mambo?"

"Nimejua leo, papa. Miye njo nimemuambia akuambie."

"Unajua kama Jumapili watu wanakuja."

"Najua."

"Juma ni mutu mubaya?"

"Hapana, papa. Juma ni mutu muzuri. Hajanikosea kitu."

"Alors?"

Tantine akanitolea macho kuniashiria ninyamaze. Ningeweza kulia, ningeweza kukimbilia chumbani, mabinti wengi wa kwetu wanajibu hivyo na wazazi wao wanaelewa. Lakini nilikuwa nimemtuma mwanaume kupiga magoti kwenye sementi kwa ajili ya ukweli. Ningejificha vipi mimi?

"Alors nampenda huyu," nikasema. "Hata hivi nimemukasirikia. Hata kama utamufukuza. Nikiolewa na Juma, nitamupikia, nitamushonea, na kila siku nitakuwa namudanganya."

"Mama yangu!" Tantine akakaa chini.

Papa alipapasa mfuko wa kanzu, akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho kama kawaida yake, akatafuta jina. Nikajua anamwita Mzee Yakubu. Nikadhani ananiharakishia ndoa, kwamba hata Jumapili haitafika.

"Yakubu, salaam aleikum... Salama, Mungu ni mwema. Sikiliza, ndugu yangu. Jumapili musikuje." Akanitazama wakati akisema. "Hapana, hakuna mugonjwa. Mutoto wako hana kosa lolote, na nitakuja kwako mwenyewe kesho kumuomba samahani. Ni binti yangu. Moyo wake uko mahali pengine, na amenieleza mbele ya watu. Siwezi kukuuzia nguo niliyojua imepasuka... Eeh. Eeh, najua. Inaniuma na miye. Asante."

Akaweka simu juu ya ampli. Yakubu ni rafiki yake tangu utoto, na papa hajawahi kumvunjia ahadi.

Nzanzu aliinua uso. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka.

"Usifurahi," papa akamwambia. "Wewe sijakupa kitu. Sina binti wa kumupa mutu asiyejua atasali wapi. Nimekataa tu kumufanyia Yakubu ile ulinifanyia miye." Akaonyesha mlango kwa fimbo. "Sasa simama, enda. Siku utapata jibu lako, liwe ndiyo, liwe hapana, uje na wakubwa wako, muingie mulango wa mbele, uniambie kwa mudomo wako. Kama hujalipata, usikuje."

"Na kama jibu ni hapana, papa, bado nije?"

"Nimesema uje uniambie."

Nzanzu akasimama. Alikaza vis nne za kifuniko, moja moja, bila kuiruka hata moja, akafuta alama za vidole vyake kwenye chuma. Alipopita karibu na cherehani yangu hakusimama. Alisema tu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nitakuja, Karima," na akatoka.

Sikumsindikiza. Nilibaki nimekaa, kanzu ya watu haijamalizika mapajani mwangu, nikaanza kulia kwa sauti, waziwazi, mbele ya baba yangu na shangazi yangu, na papa hakuniambia ninyamaze.